Ishara Mbili, Mtaa Mmoja

Tangu Jumatatu Tannetje alikuwa amekisugua kitasa cha mlango wa mbele mara tatu, na hakuna mkono uliokigusa. Mlango ule haukuwa wa kila mtu. Watoto, majirani, muuza mayai, hata daktari, wote waliingia kwa nyuma, wakavua viatu vyao vya matope juu ya gunia, wakapita jikoni. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa bibi harusi, kwa jeneza, na kwa wazee wa kanisa. Wiki hiyo hapakuwa na harusi wala msiba. Aliyengojwa alikuwa mzee wa kanisa, naye haji.

"Shaba itakwisha hiyo," alisema mama mkwe wake, Leuntje, aliyekaa karibu na jiko akimenya viazi kwa kisu chenye mpini uliozungushiwa uzi. "Unamsugulia nani?"

"Nafuta vumbi tu, mama."

"Vumbi gani linavaa kofia nyeusi na kupanda baiskeli? Sema Dingeman, nikusikie."

Tannetje alikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni mwa aproni, akaenda kuangalia maharage.

Jambo lenyewe lilijulikana kijiji kizima cha Oudekreke, kwa hiyo kulificha ndani ya nyumba ilikuwa kazi bure. Krijn, mumewe, msimamizi wa ghala la vitunguu, alikuwa na wito. Au alidhani anao. Miaka minane iliyopita alikuwa amesimama kwenye mkanda wa kuchagulia vitunguu, akitoa vilivyooza, neno moja la nabii likamjia kwa nguvu hata akaacha vibovu vipite robo saa nzima, na mnunuzi akalalamika. Toka siku ile hakuwa mtu wa kulala vizuri. Na kanisa lao huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja halina mchungaji. Kila Jumapili, asubuhi na alasiri, mzee Dingeman alisimama chini ya mimbari, si juu yake, akasoma hotuba ya mchungaji aliyekufa zamani, kwa sauti moja kama mtu anayesoma orodha ya mbegu. Watu walinyonya pipi zao za mnanaa wakamsikiliza wa kaburini, huku wakimtamani aliye hai.

Lakini kwao mtu hajitwalii kazi ile. Anayesema ameitwa huanza kwa wazee wa kanisa lake. Wakimpa barua, huenda mjini mbele ya halmashauri ya wachungaji, akaeleza Bwana alivyomgeuza na alivyomwita. Wengi hurudishwa. Krijn alirudishwa mwaka juzi. Wachungaji saba walimsikiliza dakika hamsini, wakamtoa nje akanywe kahawa, wakamwita tena wakamwambia, "Ndugu, rudi nyumbani ukangoje." Alirudi kwa treni. Alitundika koti lake ukutani, akabaki ameshika ukosi wake kama mtu anayemshika mwenzake begani, naye Tannetje akajua.

Baada ya hapo aibu iliwafikia kwa rejareja, leo kidogo, kesho kidogo. Ghalani wanaume walimwita mchungaji: mchungaji, sogeza gunia; mchungaji, ombea hii mashine, imekwama tena. Kwa mwoka mikate wanawake walinyamaza Tannetje alipoingia, kisha wote kwa pamoja wakaanza kusifu hali ya hewa, na nje mvua inanyesha. Binti yao Pieternel, mwenye miaka kumi na minne, aliulizwa shuleni kama ni kweli baba yake alifeli mtihani wa Mungu.

Na sasa Krijn angetimiza miaka arobaini na tano mwezi wa Novemba, na halmashauri haipokei aliyefikia umri huo. Wazee walibakiwa na kikao kimoja tu kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka barua: Alhamisi hii, saa moja na nusu jioni.

"Basi nenda kwa Dingeman," Tannetje alimwambia Jumapili, walipokuwa wakirudi kwa miguu kutoka kanisani.

"Siendi. Mara ile nilikwenda kwa miguu yangu, ukaona mwisho wake. Safari hii nimeliweka mbele za Bwana. Ikiwa ni kazi yake, Dingeman atakuja kwangu, bila kuitwa, kabla ya kikao. Asipokuja, nimejibiwa."

"Na akishikwa na mafua?"

"Tanne."

"Nauliza tu. Mafua yapo."

*

Jumanne saa sita mchana walikuwa mezani, viazi vimeiva, maharage yametiwa siagi, Krijn amekwisha kuomba, Leuntje aliponyoosha uma wake kuelekea dirishani.

"Yule pale."

Kweli alikuwa yeye. Mzee Dingeman hakuwa mtu wa kufananishwa na mwingine hata kwa mbali: mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, baiskeli nyeusi ya mwanamume, koti limefungwa vifungo vyote ingawa ilikuwa Septemba yenye joto. Alikuja polepole upande wa pili wa mfereji, akavuka daraja dogo, akaingia mtaa wao.

Krijn aliinuka. Alisimama nyuma ya pazia, mikono imening'inia. Tannetje alivua aproni, akaificha chini ya mto wa kiti. Leuntje alifuta kinywa, akafuta hata kijiko. Pieternel akaambiwa kwa macho tu aondoe miguu yake juu ya kiti.

Baiskeli ilipunguza mwendo mbele ya lango. Mzee Dingeman akashusha mguu mmoja. Akaitazama nyumba: vyungu vya maua dirishani, mlango, kitasa kinachong'aa. Akalitazama dirisha. Krijn naye akamtazama. Kati yao palikuwa na kioo, pazia jembamba na hatua kumi na tano.

"Toka basi umkaribishe," Tannetje alinong'ona.

"Nikitoka nitakuwa nimemwita."

"Salamu si kuita!"

"Nyamaza, Tanne. Mwache. Mwache aje."

Mzee Dingeman aligusa ukingo wa kofia yake. Kisha mguu ukapanda, baiskeli ikaenda nyumba ya tatu, kwa mjane aliyevunjika nyonga. Wakamsikia akigonga mlango.

Siagi iliganda juu ya maharage.

"Basi," alisema Krijn, akakaa. "Nimejibiwa."

"Umejibiwa nini? Mtu kaenda kumwona mgonjwa!"

"Alisimama. Umeona mwenyewe, alisimama, mguu chini. Kisha akazuiwa. Ni nini kingine?"

"Alizuiwa na wewe, ulivyosimama hapo kama mwizi aliyesikia mbwa!"

"Tannetje," alisema mama mkwe. "Chakula kinapoa. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mama. Lipo hilo pia."

Leuntje aliweka uma chini taratibu. "Mimi nitasema, na msikasirike. Mwanangu sijui kama kaitwa. Lakini wewe ulikwisha kuitwa zamani. Unataka kofia ya mke wa mchungaji. Nani asiyejua?"

Tannetje akahisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Kwa kuwa ilikuwa kweli, au robo yake kweli: masika yale kabla ya safari ya kwanza, katika duka moja la mjini, alijaribu kofia ya kijani iliyokolea yenye utepe mpana, akajiona kwenye kioo kana kwamba amekaa benchi la mbele kanisani. Hakuinunua. Lakini mwenye duka alikuwa binamu wa mwoka mikate, na habari ilifika kijijini kabla yake.

Krijn aliomba sala ya kumaliza kula, fupi kuliko siku zote, akarudi ghalani nusu saa kabla ya wakati.

*

Jumatano alasiri ilikuwa siku ya wanawake kushona, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Walishona aproni na nguo za wanasesere za kuuzwa kwa ajili ya misheni, huku mmoja wao akisoma kwa sauti habari za hospitali ya mbali. Tannetje alikalishwa karibu na Maatje, mke wa mzee Dingeman, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akifumua mshono aliouweka vibaya.

Walishona mpaka kikombe cha pili cha kahawa. Ndipo Maatje alipoinama kama anayetafuta sindano.

"Dingeman hali chakula," alisema. "Jana nimempikia samaki wa kukaanga, akala mkia tu."

"Anaumwa?"

"Anaumwa na huyo wako."

Tannetje hakuinua kichwa. "Krijn kamfanya nini?"

"Hajamfanya kitu, ndiyo taabu. Sikiliza, mimi sijakwambia. Mwaka juzi yeye ndiye aliyempigania kwenye baraza la wazee. Wenzake hawakutaka, akawasukuma, akaandika barua kwa mkono wake. Yule akarudishwa, na Dingeman akalichukua kwamba aliutia mkono wake mwenyewe mahali pasipo pake. Mwaka huu ameapa hasogezi hata kidole. Ameliweka mbele za Bwana: Krijn akija mwenyewe, bila kuitwa, kabla ya Alhamisi, atasimama tena. Asipokuja, atanyamaza."

Tannetje alibaki na uzi kati ya meno.

"Jana alifika mpaka langoni kwenu," Maatje aliendelea. "Alisema atajaribu kupita karibu, basi, kupita tu si kuita. Akamwona Krijn dirishani kasimama kama sanamu. Akaniambia, Maatje, laiti angefungua mlango. Angefungua tu mlango! Kisha akaenda kwa mjane, akarudi, akakaa na Biblia mpaka chai."

Ndipo Tannetje akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Kilimtoka puani na kwa sauti, katikati ya habari ya mtoto aliyekufa kwa homa kule hospitali ya mbali. Msomaji alinyamaza. Wanawake kumi na moja waligeuka.

"Samahani," alisema Tannetje. "Nimepaliwa."

Msomaji akaanza tena mtoto wake tangu mwanzo wa homa.

"Maatje," Tannetje alisema chini chini, "Krijn naye kaomba hivyo hivyo. Kwamba Dingeman aje. Wanaume wawili, mtaa mmoja, kila mmoja amekaa anamngoja mwenzake!"

Maatje alishika kifua. Kwanza macho yake yalicheka, kisha yakaogopa. "Usimwambie."

"Nisimwambie?"

"Ukimwambia si ishara tena. Utakuwa mkono wa mwanadamu. Sara alichoka kungoja, akampelekea Abrahamu shauri lake, na sisi sote tunajua mwisho wake. Usituzalie Ishmaeli, Tannetje. Tafadhali."

"Na wewe je? Hutamwambia Dingeman?"

"Mimi?" Maatje alirudia mshono wake. "Mimi nafumua tu hapa."

*

Alhamisi asubuhi Tannetje alipiga pasi. Alipiga pasi mashati, foronya, leso, hata vitambaa vya kufutia vyombo ambavyo havijawahi kuonja pasi. Na katika kupiga pasi aliomba. Hakuomba neno la nabii. Aliona hilo ni kubwa mno kwake. Aliomba chochote, kipande cha zaburi, nusu mstari. Hakikuja kitu. Mvuke ulipanda, shati lilinyooka, basi.

Alijiuliza mambo kwa zamu. Akisema, na Krijn hakuitwa, atakuwa amempandisha mimbarini mtu asiyetumwa, na roho za watu zitakuwa mikononi mwake, yeye Tannetje. Yule aliyeshika sanduku la agano lisianguke naye alikuwa na nia njema, akafa palepale. Asiposema, na Krijn kaitwa? Na hiyo kofia? Je, ni kofia inayosema ndani yake? Akaikumbuka, akajaribu kuona kama anaitaka bado. Hakuwa na uhakika hata na hilo. Alichokiona zaidi ni miaka sita ya Krijn akisomea uchungaji darasani na vijana, nyumba kuhamwa, Pieternel kulia.

Leuntje alikuwa mezani akikunja leso alizopewa.

"Unaunguza," alisema.

Tannetje akainua pasi. "Mama, nikuulize. Mtu akijua jambo, na kulisema ni hatari, na kunyamaza ni hatari, afanye nini?"

"Mke? Anyamaze." Leuntje alilinganisha pembe za leso. "Mimi nilinyamaza. Baba yake Krijn, unamjua alivyokuwa, mtu wa kumcha Mungu kweli. Miaka arobaini na sita alikaa kanisani akitazama wenzake wanakwenda kwenye meza ya Bwana, yeye habanduki. Alikuwa akingoja apewe neno kwamba ni yeye pia anayeitwa pale. Kila mara alitoka jasho mpaka ukosi ukalegea. Mara mia nilitaka kumsukuma kwa kiwiko, hivi, Marinus, nenda. Nikasema, hapana Leuntje, si kazi yako." Akaweka leso juu ya lundo. "Akafa hajaonja hata mara moja. Nilinyamaza vizuri sana mimi."

Tannetje alimtazama yule mwanamke mzee, ambaye tayari alikuwa amechukua leso nyingine na kuanza kutafuta pembe zake, na macho yake hayakuwa kwenye leso.

Alichomoa pasi ukutani.

"Unakwenda wapi? Mashati hayajaisha!"

"Ghalani, mama."

"Kwa miguu ya nani?" Leuntje aliuliza, lakini alikwisha kumsogezea koti lake.

*

Hakuwahi kuingia ghalani saa za kazi. Mitambo ilikuwa ikinguruma, vumbi la maganda limeelea hewani rangi ya dhahabu, na wanaume watano kwenye mkanda walimwona kabla yeye hajamwona mumewe.

"Vueni kofia! Mama mchungaji huyo!" alipaza sauti Bram, fundi wa mashine. "Leo tutabarikiwa mpaka magunia!"

"Bram, jibariki mwenyewe kwanza, suruali yako iko wazi," alisema Tannetje, akapita. Wale wengine wakacheka, na Bram akajitazama chini. Ilikuwa imefungwa.

Krijn alikuwa mwisho wa ghala akipima gunia kwenye mizani. Alipomwona alibadilika rangi. "Mama kapatwa na nini?"

"Mama mzima. Pieternel mzima. Nisikilize, nikikomea katikati sitaweza tena." Akamwambia yote: Maatje, kiapo cha Dingeman, mguu uliosimama langoni, laiti angefungua mlango. Alilazimika kupaza sauti juu ya mitambo, na wakati fulani Bram akaizima mitambo, kwa wema au kwa umbeya, sauti yake ikabaki peke yake chini ya bati: "...kwa hiyo anakungoja wewe kama unavyomngoja yeye!"

Vitunguu viwili vilianguka kutoka mkanda uliosimama, vikabingirika.

Krijn hakutazama watu. "Umefanya nini, Tanne?" alisema polepole. "Wewe mwanamke, umefanya nini? Nilikuwa na kitu kimoja tu. Kimoja! Ambacho hakuna mkono wa mtu umekigusa. Sasa akija, nitajua umeongea na mkewe. Nikienda, nitakuwa nimekwenda kwa sababu umeniambia. Hapatakuwa na njia ya kujua tena. Mpaka nife!"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo?"

"Nitasema nini? Nimeliona hilo kabla sijavaa viatu."

"Ungeniacha mpaka saa moja na nusu. Saa chache tu, nikajua!"

"Ungejua nini? Kwamba wanaume wawili wenye aibu hawakupigiana hodi? Hilo ndilo jibu la Mungu?"

"Usiongee hivyo."

"Miaka minane nimeongea vizuri!" Sauti ilimpasuka, na machozi yakamchuruzika, naye akashukuru ni ghala la vitunguu. "Sasa unaweza kwenda, au usiende. Nimekuachia uchague."

"Sikutaka kuchagua," alisema Krijn, kwa sauti ya mtoto aliyenyang'anywa. "Nilitaka kuambiwa."

"Nami nimekuambia."

Aligeuka, akatoka. Bram, ajabu, alimfungulia mlango bila mzaha.

*

Krijn alirudi saa kumi na moja. Alinawa mpaka viwiko, akanusa mikono, akanawa tena. Harufu ya kitunguu haitoki, kila mtu Oudekreke anajua. Alivaa suti nyeusi. Hakula.

"Vaa koti," alimwambia mkewe. "Umelianza, utalimaliza."

Mtaa mzima ulikuwa madirishani ukimwagilia maua. Kwa mzee Dingeman waligonga mlango wa mbele, na Maatje alipofungua na kuwaona wawili, alitia mkono mdomoni, akawaacha wapite.

Mzee Dingeman alikuwa sebuleni, tayari ameshavaa kwa kikao, kofia juu ya goti. Aliinuka, na uso wake, ule uso uliokuwa umekauka kama mbao za daraja, ukalainika mpaka Tannetje akaona haya kuutazama.

"Umekuja," alisema. "Krijn. Umekuja. Bwana ashukuriwe, nilikwisha kukata tamaa." Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Nilimwomba, unajua. Niliomba uje mwenyewe."

Hapo pangetosha. Tannetje aliutazama mgongo wa mumewe na kuomba, kwa moyo wote, na kwa dhambi, kwamba atanyamaza. Barua ilikuwa karibu kuliko kiti.

"Nani amekutuma, ndugu?" aliuliza mzee Dingeman. Ndivyo wazee wanavyouliza. Alikuwa anatabasamu, maana jibu alikuwa nalo.

Krijn aliutoa mkono wake taratibu.

"Mke wangu," alisema.

Akaeleza yote, kwa mpangilio, kama anayetoa hesabu ya magunia: ishara yake, ishara ya mzee, pazia, mkanda uliozimwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyorudi kuwa mbao. Mwisho mzee alimtafuta mkewe kwa macho, lakini Maatje alikuwa jikoni, akigonganisha vikombe kwa makusudi.

"Basi wamelichezea," alisema mzee Dingeman, akakaa. "Wanawake wawili na sindano. Sasa nifanyeje? Niende nikawaambie nini? Nimengoja wiki nzima bila kula, na sina kitu mkononi."

"Mimi pia sina," alisema Krijn. "Mzee, nimekuwa nikimwomba Bwana miaka yote hii anisukume. Leo nimesukumwa mbele ya Bram na watu wote, na kutwa nzima nimekasirika nikiuliza ni kwa mkono wa nani. Nimechoka. Sina ishara. Nina neno lile la miaka minane, na woga, na nimesimama kwenye zulia lako."

Mzee aligeuka. Na jambo ambalo Tannetje hakulitarajia ni kwamba aligeukia kwake. Katika nyumba hizo mwanamke aliulizwa kuhusu kahawa.

"Na wewe," alisema. "Wewe nani alikutuma?"

Tannetje alitafuta jibu zuri, Maandiko yapo mengi, mke wa Manoa yupo, Abigaili yupo. Hakuna aliyemjia.

"Sijui, mzee," alisema. "Nimeomba asubuhi nzima nikipiga pasi, sikupewa hata nusu mstari. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza. Nikaona nikikosea kwa kusema, mpo wa kunirekebisha. Nikikosea kwa kunyamaza, hakuna atakayejua kamwe."

Vikombe jikoni vilikuwa vimetulia.

Mzee Dingeman aliizungusha kofia yake juu ya goti, mzunguko mzima, polepole, kama anayetafuta mbele yake ni wapi.

"Mwaka juzi nilikwenda na uhakika," alisema mwishowe, si kwa mtu. "Nilikuwa nao mpaka hapa." Akagusa koo. Kisha akainuka. "Sitaandika kitu kabla ya baraza. Utakuja nami, utasema mwenyewe mbele ya wenzangu, hayo hayo uliyosema hapa, na habari ya mkeo pia. Watachukia. Yule Jacobus atachukia sana. Wakikataa, wamekataa. Mimi nitasimama."

"Wakiniuliza kama nina hakika?" Krijn aliuliza. Alikuwa anamuuliza Tannetje.

"Sema huna."

"Nikifika mjini wakanirudisha tena?"

"Sijui, Krijn! Usiniulize mimi, nimeishiwa!"

Wanaume wakatoka. Maatje alikuja na sinia, wakasimama wawili dirishani nyuma ya vyungu vya maua, kahawa ikipoa, wakiwatazama wakishuka njia ya kokoto. Mwisho wake palikuwa na lango la chuma, jembamba, la mtu mmoja. Mzee Dingeman alilivuta likafunguka, akajisogeza pembeni kumpisha mgeni. Krijn naye akajisogeza pembeni kumpisha mzee. Mzee akaonyesha kwa kofia: tafadhali. Krijn akaonyesha kwa mkono: baada yako. Wakasimama, kila mmoja upande wake, adabu imewashika, na saa ya kanisa ikagonga saa moja na robo.

"Ee Mungu wangu," alisema Maatje.

Tannetje aliweka kikombe chini, akasukuma dirisha juu kwa mikono miwili. Mtaa mzima ulimsikia, na kesho yake mwoka mikate alimsimulia kila mteja.

"Krijn! Pita!"

Krijn akapita.